Taa ya Samaki wa Mama

Mimi ni mtu wa ngumbaru, na sifichi. Nilirudi shuleni jioni-jioni nikiwa na miaka thelathini na nne, magoti yamebanwa chini ya dawati la mtoto wa darasa la tatu. Nilipopata cheti cha kidato cha nne, niliamini hakuna waya Kitale nzima usioniogopa. Mama ndiye aliyeisambaza habari. Alipotoka Bokoli kuja kukaa nami hapa Kibomet, mtaa wa Kitale, baada ya kumzika baba, aliwaambia majirani kwamba mwanawe amesomea stima mpaka stima yenyewe imechoka. Fizikia niliyosoma ilikuwa sura tatu za betri na balbu. Sikumsahihisha.

Tangi la samaki nililiunda mwenyewe kwa vioo vya dirisha na gundi ya silikoni. Siku ya kwanza Mama alilichungulia mbele, akalichungulia ubavuni.

"Hawa tutawakaanga lini?"

"Ni wa kutazama, Mama."

"Ati kutazama! Samaki ana nini cha kutazamwa? Si angalau angeimba."

Baada ya wiki mbili ungedhani amewazaa yeye. Walikuwa wanne, wa rangi ya dhahabu, na aliwasalimia asubuhi kabla ya kunisalimia mimi. Kiti chake kikahamia mbele ya kioo. Mimi nilifunga pazia, maana jua likipiga tangi, maji hugeuka kijani kama mrenda. Kwa hiyo sebule ilikuwa giza mchana kutwa, isipokuwa pale kwenye tangi, na pale ndipo Mama aliposhinda.

Taa niliyoifunga juu ya tangi ilianza kusumbua wakati wa mvua. Hiyo niliiona kwa macho yangu: ilipepesa, ikafifia, ikarudi. Nilifunua kifuniko nikakuta mvuke umeingia kwenye kiungo cha waya, shaba imeota kutu ya kijani. Nilikata, nikaunga upya, nikaziba kwa silikoni, kisha nikauacha waya uning'inie chini ya soketi ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye stima. Kazi safi. Mafundi wa dunia nzima wangekuja kupiga nayo picha.

Wiki iliyofuata nilitoka kazini nikamkuta Mama ananisubiri.

"Baba, taa yako leo imezima. Imekaa hivyo, halafu ikarudi."

Huniita Baba kwa sababu nina jina la babake. Nilitazama: taa inawaka. Nilipima adapta kwa mita: volti kumi na mbili kamili. Hata hivyo niliibadilisha. Siku nne baadaye akasema imezima tena, tena ilianzia upande wa kushoto. Nilifurahi kama mtu aliyeokota almasi, kwa kuwa hitilafu yenye upande ni hitilafu inayokamatika. Nilinunua daftari. Kila jioni Mama alinieleza, nami niliandika: leo kushoto, kuanzia saa nne hadi chakula cha mchana, leo kushoto na juu kidogo, leo mchana wote. Nilibadilisha ukanda mzima wa taa. Nilibadilisha waya, nikabadilisha swichi. Jirani alipotaka kutuletea fundi wake, Mama alimkatiza.

"Fundi gani mwingine? Huyu amesoma."

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Mwishowe niliteremka Bungoma, kwenye duka la vifaa vya stima la mzee mmoja Singasinga, ambaye watu husema kitu akikikosa yeye basi hakijaumbwa. Nilimwekea daftari langu mezani kama wakili.

"Umebadilisha nini na nini?" aliuliza.

"Adapta tatu. Taa mbili. Waya wote, na swichi."

"Bana, hiyo ni taa ingine kabisa! Kitu gani ya zamani imebaki?"

"Soketi ya ukutani. Lakini redio iko hapo hapo na haikatiki."

Aliacha kupekua rafu. "Wewe mwenyewe umeona ikizima?"

"Mama ndiye huona. Mimi niko kazini."

"Mama ana miaka ngapi?"

Nilicheka. Nilimwambia macho ya Mama huona chawa kwenye kuku aliye Cheptais. Yeye hakucheka. Aliirudisha kwenye rafu adapta aliyokuwa amenitolea.

"Hii usinunue. Kaa na yeye siku moja. Kaa tu."

Nilirudi Kitale nimenuna. Mfanyabiashara gani anakataa kuuza? Hata hivyo kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikaketi kwenye kigoda kando ya kiti cha Mama. Kama saa nne hivi alinigusa goti.

"Umeona sasa? Kushoto. Si nilikuambia?"

Taa ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka kutoka ncha hadi ncha, na samaki watatu walikuwa kushoto hapo hapo, wakigombania chakula. Niliinua mkono wangu upande huo, nikachezesha vidole. Mama aliendelea kutazama mbele.

"Mama, unaona vidole vyangu?"

"Vidole gani?"

Daktari wa macho alisema ni presha ya ndani ya jicho. Huila nuru polepole, na mtu haoni weusi wowote. Kitu kinakosekana tu. Matone yanaweza kulinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi. Aliuliza ilianza lini, na mimi, mwanafunzi hodari, nikampa daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Umeandika vizuri sana," alisema, kisha akalifunga taratibu.

Nyumbani Mama aliketi kwenye kiti chake.

"Kwa hivyo taa ilikuwa nzima?"

"Nzima, Mama. Tangu ile mara ya kwanza."

Alifikiri kidogo. "Ungeniundia vibaya kidogo, Baba. Vibaya kidogo tu."

Nilifungua kichupa cha matone, nikamwambia ainue uso.

Sasa namtia matone asubuhi na jioni. Pazia nimelifungua, na kila Jumamosi nasugua ule ukijani kwenye kioo. Katikati ya tangi nimesimamisha kipande cha kioo, ili samaki wote wanne wakae kulia, anakowaona. Anawahesabu kwa sauti, akifika wa nne anapiga makofi. Mwezi uliopita alianza kuishia wa tatu. Nikakitoa kile kioo kwenye gundi, nikakisogeza kulia, upana wa vidole viwili.