Mapanga Kwenye Kibanja cha Ismael

Kaka yangu Ismael amelala kwenye kibanja chake, shamba lake la migomba hapa Kamachumu, nyuma ya nyumba. Kila asubuhi natoka kumsomea Fatiha, na kila nikimaliza macho yangu yanatoka kaburini yanaenda kwenye migomba. Sipendi yaende. Yanaenda.

Watu wengi walimjua kupitia simu. Aliinunua Bukoba enzi akibeba magunia ya kahawa, na kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa mpira na vichekesho tu. Halafu unyanjano, ugonjwa wa migomba, ukaingia kijijini. Majani yanageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, ukizikata ndani ni kahawia. Ismael aliona Fesibuku mtu akimwaga maji ya chumvi kwenye shina, akaamini. Migomba yote aliyoimwagia ikafa. Mkewe, Farida, alimwambia, "Baba Nuriat, hao rafiki zako wa kwenye kioo hawali matoke."

Mwingine angeachana na simu. Yeye alianza kuuliza. Alijiunga na kundi la Wasapu la wakulima wa migomba, lina watu wa Muleba, Karagwe, hata visiwani, na mabwana shamba wamo. Mtu akituma dawa mpya, yeye aliuliza, "Nani amejaribu kwa mkono wake? Ilikuwaje?" Hakuridhika mpaka ajibiwe na zaidi ya mmoja. Humo ndimo alimojifunza kwamba ugonjwa unasafiri na panga: ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata mzima, umeuambukiza. Panga lipite motoni kwanza. Migomba yake ikasimama wakati ya majirani inalala chini.

Alikuwa ameishia darasa la saba na kusoma kulimpa shida. Kwa kusoma humo kila siku midomo ikazoea, mpaka akawa anatuma sauti za kuwafundisha wavuvi wa kisiwa cha Bumbire waliopanda migomba yao michache. Hapa kijijini walimwita Shehe wa Wasapu. "Shehe, leo umetoa fatwa gani?" Naye alikuwa akijibu, "Leo nimeharamisha panga lako."

Presha ilimchukua ghafla. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siku ya mazishi majirani walikuja kama tunavyokuja huku kwetu, kila mmoja na panga lake. Waliingia kibanjani wakakata ndizi za kuwapikia waombolezaji na majani ya kukalia. Kuja na panga lako ndiko kusema msiba huu ni wangu pia. Nani angewazuia? Tulikuwa tunalia.

Arobaini ilipokaribia niliona jani limepauka, limenyong'onyea. Siku iliyofuata, mengine. Farida yuko eda, hivyo nilimwita dirishani.

"Ni njano?"

"Njano."

"Pale walipokata?"

"Pale pale."

Alichungulia kibanjani. Kisha akasema, "Zabibu, Jumamosi kuna khitma, wanakuja tena na mapanga. Wakimaliza kile kibanja, wanangu watakula nini?"

Nilikwenda kwa baba mdogo Bashiri, msimamizi wa khitma. Nilimkuta anapepeta maharage.

"Nikawaambie nini?" akafoka. "Kwamba wana mapanga machafu? Watu waliomchimbia kaburi mtoto wetu?"

"Baba mdogo, Ismael mwenyewe alikuwa anasema kwenye simu..."

"Ismael yuko mbele ya haki. Usiniwashie sauti ya maiti hapa!"

Nilirudi nimechanganyikiwa. Nilianza kufagia nikaacha, nikaanza kufua nikaacha. Mwisho nikachukua simu ya kaka. Kumsikia kuliniuma kuliko kaburi. "Msing'oe shina zima, jamani. Kateni ule ulioonyesha dalili peke yake, usawa wa ardhi. Na panga motoni." Nilikwenda nikaikata iliyougua, panga nikilipitisha motoni, huku nalia. Lakini la Jumamosi hakuwahi kulisema; naye angejuaje kwamba msiba ungekuwa wake? Basi nikaandika kundini: mimi ni dada yake Ismael, nani amewahi kuomba watu wasiingie na mapanga yao msibani? Ilikuwaje?

Majibu yakaja, pole kwanza, dua, kisha mama mmoja wa Karagwe, Klaudia, akatuma sauti. "Mwanangu, usimzuie mtu. Sisi tuliwasha moto pale wanapoingilia, tukaomba panga lipite humo. Wawili walinuna, wakala, wakaondoka. Ila anza na mzee wa ukoo, mbele za watu." Mwingine akaandika kwamba kwao waliomba vilevile na hawajaelewana mpaka leo. Sikulala vizuri.

Jumamosi niliwasha moto kwenye njia ya kuingilia kibanjani. Wanaume wakaja, wakasimama. Mzee Datius akacheka. "Haya, waitu, jamani, leo tunachoma mishikaki ya chuma?"

Baba mdogo alikuwa mbele, panga mkononi. Nikapiga goti, nikamwambia, "Baba mdogo, migomba ya watoto imeanza kuugua. Naomba panga lako lipite motoni. Si uchafu wa mtu. Ni watoto tu."

Aliangalia migomba niliyoikata. Aliangalia dirisha la Farida.

"Likae kiasi gani?" akauliza.

"Mpaka makali yawe ya moto sana."

Aliliweka. Datius akafuata, akinung'unika kwamba mpini utaungua, kisha wengine. Ila Elieza, jirani wa juu, alizunguka nyuma ya choo na panga lake, akaingia. Nilimwona. Nilipomfikia alikuwa tayari amekata mikungu miwili, anatabasamu, ananipa pole.

Nikaipokea pole. Mashina aliyoyakata nimeyafunga kamba nyekundu, na asubuhi, nikitoka kaburini, ndiyo ninayoyatazama kwanza. Mpaka leo majani ya machipukizi yake ni ya kijani. Namwomba Mungu, na jioni natuma picha kundini.