Manjano ambayo mwalimu Pa hakuigawa

Ukungu bado umeyalalia mawe ya Lung Pha, kijiji cha milimani kaskazini mwa Vietnam, na Thao Thi Pa tayari amechutama mbele ya jiko la shule, akichemsha majani ya zambarau kwenye sufuria iliyoungua ukingo. Pembeni yake kuna bakuli la masizi yaliyokorogwa kwa maji ya wali, na jingine la udongo mwekundu. Watoto wanaingia mmoja mmoja. Kabla hata ya salamu, kila mmoja ananyoosha mikono na kufungua viganja, na Pa anakagua mpaka ndani ya kucha.

"Fungua na mdomo," anamwambia mvulana mmoja anayevuta kamasi.

"Mwalimu, nimekula mahindi tu."

"Basi nionyeshe hayo mahindi."

Wenzake wanacheka. Pa hacheki.

Ana miaka thelathini na minne, na anafundisha kuchora kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Hela ya rangi za dukani shule haina. Kwa hiyo anatumia rangi zilezile ambazo akina mama huku wanapikia wali wa kunata wa sikukuu: zambarau ya majani, kijani cha majani mengine, na manjano inayotoka kwenye maua ya kichaka kinachochanua baridi ikianza kulegea.

Kila mwaka mipichi ikichanua, somo ni moja. Watoto wachore rangi za majira ya machipuko kama wanavyoziona wao, siyo kama zilivyo kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani. Anayeona mlima ni wa buluu, auchore wa buluu.

Na hakuna brashi. Mtoto anatafuna ncha ya kijiti cha mwanzi mpaka ilainike, kisha anailowesha mdomoni ili ichongoke. Pa alizoea kuwaambia wazazi kwa majivuno kwamba rangi ya darasa lake inaliwa.

"Nilifundishwa na bibi yangu, aliyekuwa akichora kwa nta kwenye kitambaa cha katani," anasema. "Sikuona ubaya wowote."

Ubaya ulijionyesha kwenye picha kwanza.

Majira kama haya mwaka jana, Sua, mtoto wa miaka saba, alileta karatasi yenye manjano ambayo Pa hakuichemsha. Ilikuwa kali, kama imewashwa kwa ndani. Alipoulizwa, Sua alisema ameokota maua njiani. Kesho yake manjano hiyo ilikuwa kwenye picha za watoto watatu zaidi, na kwenye kila picha, ukingoni, alisimama mwanamke mwenye sketi ya manjano. Huku hakuna mwanamke anayevaa sketi ya rangi hiyo. Wala hakuwa na uso.

Pa akauliza ni nani.

"Shangazi wa bondeni," Sua alijibu.

"Mbona hana uso?"

"Katugeuzia mgongo. Anachuma."

Bonde lenyewe liko nyuma ya shamba la mahindi la shule, na watu wazima hawashuki. Huko alifia Cho, mke wa mtu, kabla watoto hawa hawajazaliwa. Alikula jani la sumu ili afe. Hakuna aliyewahi kuwasimulia, kwa sababu jani lile huku halitajwi. Mama mwenye binti akiliona mbele, anapinda njia. Wanasema ukimwonyesha msichana jani, umemwonyesha mlango. Na ukilitaja, waliokufa nalo wanageuka kutazama nani kaita. Kwa hiyo mtu mzima kila mmoja analijua, na mtoto hata mmoja halijui.

Pa naye hakulitaja. Aliwaambia watoto wasishuke bondeni kwa kuwa kuna nyoka.

"Nyoka," anarudia, akitikisa kichwa. "Watoto wa huku nyoka ndio wanaowakimbia wao."

Asubuhi iliyofuata alizikuta picha mezani. Rangi zote zilikuwa zimekauka. Ile manjano ilikuwa mbichi bado.

Alikuwa angali anaifuta kidoleni somo lilipoanza. Sua alikuwa mstari wa mbele, kijiti mdomoni. Aliinua uso akamkazia macho mwalimu wake.

"Mwalimu, mbona mko wawili?"

Pa alidhani ni utani. Akamwambia mmoja anatosha, achore.

"Yule mwingine kakugeuzia mgongo," Sua akasema, na kope zake zikaanza kushuka kama za mtu aliyekesha.

Hapo ndipo Pa alipoona kifuniko cha chupa chini ya dawati, na ndani yake maua yaliyopondwa, madogo, yenye umbo la tarumbeta. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki ya muuza mboga. Wale watatu wengine walikutwa salama, kwa kuwa walipaka kwa vidole na hawakulamba.

Kwenye kituo cha afya, nesi alimlaza Sua na kuuliza amekula nini. Pa akasema ni maua. Nesi akasema maua ni mengi, anataka jina.

Kwenye benchi walikuwa wamekaa akina mama na watoto wao.

"La ngon," Pa akasema, akilitaja jani lile la bondeni, lenye maua ya manjano.

Benchi lilibaki tupu. Mama mmoja alitoka amemziba mwanawe masikio.

Walimpulizia Sua hewa kwa mfuko wa kubonyeza kwa mkono, wakipokezana, mpaka kifua chake kilipokumbuka kazi yake. Mama yake alifika na tope magotini.

"Umempa nini mwanangu?"

"Sikumpa, dada. Ila sikumwambia."

Mama yule alikaa chini sakafuni. Baadaye akasema kwamba yeye na Sua walilipita jani lile kila siku ya soko, na kila mara alimgeuza mtoto atazame upande wa pili.

Sua yu hai. Kope moja inachelewa kidogo kufunguka. Alipopata nguvu, mama yake na Pa walimshika mkono wakashuka naye mpaka ukingo wa bonde. Mama akanyoosha kidole, akalitaja jani kwa jina lake.

"Nalijua," Sua akasema. "Shangazi alishanitajia."

Mwaka huu Pa anataka, kabla kijiti hakijatafunwa, watoto wote washuke na mama zao waoneshwe jani na kuambiwa jina. Mwalimu mkuu amekubali, mradi wazazi wakubali. Mpaka sasa aliyekubali ni mama Sua peke yake. Wengine wanamwambia Pa kwamba anawaitia watoto wao mauti.

Yeye anaendelea kupita nyumba kwa nyumba.

"Wataambiwa tu," anasema, akiipua sufuria. "Nataka walisikie kwetu kwanza."