Gego la Muno

Burale hakumwamini mtu, akiwemo yeyote aliyevaa koti jeupe. Miaka ishirini ya kuuza mbuzi Kitengela ilimfundisha kufungua mdomo wa mnyama kabla ya kusikiliza mdomo wa mwenye mnyama. Aliwahi kumnasa muuzaji aliyempigia kondoo mkongwe tupa kwenye meno ili aonekane kijana. Tangu hapo akawa anacheka mdomo umefungwa, kana kwamba hata kicheko kinaweza kuibiwa.

Sasa daktari wa meno, Mwihaki, alikuwa anamwonyesha eksirei ya bintiye Muno, mwenye miaka tisa.

"Hili gego la utoto limeshikamana na mfupa. Meno mengine yanapanda, lenyewe limebaki chini, na ya kando yanalilalia. Tulitoe, kisha tufungue nafasi kwa waya wa kunyoosha meno. Tukichelewa, jino la ukubwa litakwama huko ndani."

"Haliumi, halijaoza, na unataka kung'oa?"

Akampeleka mtoto kwa daktari mwingine, Kajiado mjini. Huyo naye akasema yale yale, mpaka waya. Burale akaona wazi kwamba wamepigiana simu.

Akarudi nyumbani Noonkopir amekasirika, akamketisha Muno mlangoni penye mwanga. Atajionea mwenyewe. Akamshika taya kwa mkono mmoja na kutanguliza kidole gumba, vile vile anavyofanya sokoni.

Muno akakaza meno. Akajivuta nyuma hadi ukutani, akilia.

"Nani amekutisha? Ni huyo daktari?"

"Hapana, Aabo," akamjibu baba yake.

"Sasa ni nani?"

"Wewe. Mbuzi akiwa na meno mbaya, unasemanga apelekwe kwa bucha." Akajifuta pua. "Chakula inaingianga hapo tangu mwaka jana. Sikutaka uone."

Burale aliona aibu, aibu ya kweli. Alikuwa amemshuku kila mtu, ila hakuwahi kushuku kwamba mwanawe anamwogopa.

Asubuhi walikuwa wa kwanza kwa Mwihaki. Muno akapanda kwenye kile kiti kirefu, midomo ameibana. Burale akainama mbele yake na, mbele ya daktari na muuguzi, akafungua mdomo wake wazi kabisa. Upande wa kulia hakukuwa na gego hata moja.

"Unaona? Niko na pengo kubwa kuliko lako," akasema. "Na bado hamjanipeleka kwa bucha."

Muno akachungulia kwa muda mrefu. Kisha naye akafungua.