Wa Kukwangua au wa Kukata

Mtaani kwetu Rumonge, shampinyo ni jambo la aibu. Ni ile inayokula katikati ya vidole vya miguu, au ile nyingine ya wanawake ambayo Mama humnong'oneza jirani baada ya kunifukuza jikoni. Hakuna anayelazwa kwa ajili ya shampinyo. Unanunua pomadi, unapaka, unanyamaza.

Kwa hiyo hospitalini, dokta alipotoka kumpima Bibi na kulitamka neno hilo mbele ya benchi zima la wagonjwa, Mama aliinamisha kichwa. Dokta alikuwa kijana wa Kifaransa cha haraka. Alisema Bibi apelekwe Bujumbura leo hii. Mama akaitikia wi, dokta, murakoze, ndiyo na asante, kama anavyowaitikia madokta wote, na alipoondoka tu akaanza kukunja vitenge vya Bibi na kuvitia kikapuni. Aliniambia tutapita farmasi, halafu wajomba wakija wiki ijayo ndipo tutaongea mambo ya Bujumbura.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, nusu ya uso imevimba. Ana sukari kwa miaka mingi. Maumivu yalianza shavuni tukadhani ni jino, tukampa dawa ya jino. Kisha pua ikatoa kitu cheusi kama masizi, na asubuhi ile jicho la kushoto likagoma kufunguka. Alipoambiwa ana shampinyo, neno ambalo kwa Kifaransa ni uyoga pia, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Uyoga? Tangu tutoke kambini Tanzania sijaonja uyoga. Hata wa kusingiziwa."

Mimi si mtu wa kuongea. Nikiitwa ubaoni, jasho hutangulia jibu. Lakini nilikuwa nimemwangalia dokta akimmulika Bibi mdomoni. Mkono wake ulisimama, halafu akaizima taa polepole sana. Mtu hazimi taa hivyo kwa sababu ya pomadi.

Nikamfuata koridoni. Sentensi niliyokuwa nimeipanga ilitoka vipande vipande, lakini alielewa kwamba nauliza ni shampinyo gani. Safari hii alitumia neno la somo letu la biolojia, la kile kinachoota juu ya mkate uliosahaulika. Alisema sote tunakivuta puani kila siku na mwili unakiua, ila mwili uliozidiwa na sukari unaweza kushindwa. Hapo kinaingia kwenye mishipa ya damu na nyama inakufa, ndiyo ule weusi. Aliuona kwenye kaakaa, na aliogopa kwamba umefika nyuma ya jicho. Baada ya jicho ni ubongo. Uhakika ungepatikana Bujumbura, lakini kungoja hakufai. Huko watakata, labda pamoja na jicho.

Nikarudi. Mama alikuwa ameshamvalisha Bibi viatu. Nilisema nikitazama sakafu.

"Bibi, si uyoga. Ni ukungu."

Mama akauliza ukungu gani, huu wa ziwani asubuhi?

"Wa muhogo," nikasema.

Bibi aliacha kutabasamu. Yeye hutengeneza udaga kama alivyofundishwa na wanawake wa Kigoma: anaurundika muhogo uliomenywa, anaufunika majani, anauacha uote ukungu mpaka ulainike, ndipo anaukwangua kwa kisu na kuuanika. Anajua ukungu wa juu juu. Anajua pia kipande kilichooza hadi ndani, ambacho hukikata mpaka aone weupe, na asipouona anakitupa.

"Huu wangu ni wa kukwangua au wa kukata?"

"Wa kukata."

"Umefika wapi?"

Nikagusa chini ya jicho langu. Mama akaniambia, "Nyamaza wewe mutoto, unamutisha." Bibi akainua mkono bila kumtazama.

"Mwache. Na jicho?"

"Labda wataliondoa."

Mama alisema mtu hatolewi jicho kabla wanawe wa kiume hawajajua. Bibi akamuuliza kama hilo jicho ni la wajomba. Kisha akaniambia nikamwite yule dokta kijana alete gari, kabla moyo wake haujageuka.

Gari lilikuwepo, mazuti ya kuliendesha hayakuwepo. Dereva alizunguka mjini na kidumu huku sisi tukingoja, uvimbe ukipanda hadi kwenye paji la uso. Bibi aliniita kwa jina la Mama mara mbili. Sikujua kama ni uchovu, au ukungu umeshafika ubongoni. Nilimuuliza maswali ya kijinga, jina la mbuzi wetu, leo ni siku gani, nikisikiliza kila jibu. La siku alikosea.

Waliondoka mchana. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu, akaenda Mama. Alipiga simu wakiwa njiani, Magara, kusema bado anapumua vizuri. Siku zilizofuata simu zake zilikuwa fupi: wamekata, wanamtundikia dawa, wamekata tena.

Jumapili iliingia namba ya Mama, lakini sauti haikuwa yake. Ilitokea puani, maneno hayana kingo. Nikauliza ni nani.

"Bibi yako," ikasema, ikapumzika. "Wamechukua jicho na kaakaa. Hawajui kama wameumaliza. Kesho watachungulia tena."

Nilimuuliza kama anaumwa sana. Akasema uji unamtokea puani, na hilo linamkera kuliko jicho.