Siku Tisa za Tun Goro Kambini

Gregorio Naputi tulimwita Tun Goro, kama tunavyowaita wazee wetu wote, Tun kwa mwanamume na Tan kwa mwanamke, hapa Inalåhan kisiwani Guam, ingawa mimi nilikuwa na haki ya kumwita Goro tu, maana tuliondoka kisiwani siku moja kwenda jeshini, yeye mwanajeshi wa miguu, mimi mpishi. Alitumikia miaka ishirini na miwili. Alirudi na goti moja bovu, pensheni, na kadi ya mstaafu aliyoitunza kuliko hati ya shamba. Kadi ile ilimpa haki ya kupanda ndege za jeshi bila nauli, mradi kibaki kiti.

Kwa miaka mingi kiti kilibaki. Kulikuwa na ndege kubwa ya abiria ambayo jeshi lilikuwa likiikodi, ikipita Guam kila juma la pili kuelekea Hawaii na Amerika. Goro aliipanda kwenda kumwona dada yake mkubwa, Tan Chilang, kule Tacoma. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe na miaka kumi. Kila mwaka Goro alimpelekea sanduku la pilipili na papai la siki, na kila mwaka dada alimgombeza kwamba amekonda.

Halafu safari ile ikafutwa. Likabandikwa tangazo la mistari mitatu, basi. Wastaafu wengi walinuna wakakata tamaa. Goro hakukata. Alijifunza njia nyingine: kuandikisha jina kwa barua pepe katika kambi tano kwa mpigo, kusoma orodha ya ndege za mizigo zinazotarajiwa, kujua ipi inakwenda Japani na ipi inatoka huko kuvuka bahari. Alikuja kuwa mtu wa kuulizwa. Wajane wa wanajeshi walimpigia simu, naye aliwajibu kwa kiburi cha fundi.

"Si umeona, Kiko?" aliniambia. "Wamefunga mlango, mimi nimepita dirishani."

"Dirisha lina misumari, Goro. Kwa viti vya jeshi wewe uko daraja la sita, la wastaafu. Nyuma yako hakuna mtu."

"Nyuma yangu upo wewe, mpishi."

Juni ile wakapiga simu kutoka Tacoma. Ini la Tan Chilang lilikuwa limekwisha. Daktari alisema majuma mawili, labda matatu.

Binti yake Goro, Doreen, ni mwalimu wa shule. Alikuja jioni ileile, akaunusa mkono wa baba yake kwa heshima kama desturi, akakaa kwenye ngazi. Nilikuwapo, nikimenya ndizi.

"Baba, nakukatia tiketi ya kesho. Ya ndege ya kawaida."

"Una watoto wawili chuoni."

"Sijakuuliza habari za watoto wangu."

"Nina kiti changu, Doreen. Nimekilipia kwa goti hili. Nikianza kununua tiketi kama mtalii, ile miaka ishirini na miwili ilikuwa ya nini?"

"Shangazi hangojei goti lako, Baba!"

Goro aliinuka akaingia ndani. Doreen alinigeukia. "Mjomba Kiko, sema naye. Wewe anakusikia."

Sikusema naye. Nilijua akishikilia jambo hashikiki, na kusema kweli nilimwonea fahari. Hilo nalibeba mimi.

Nilimpeleka kambini mwenyewe, mwendo wa saa nzima hadi kaskazini ya kisiwa. Mara ya kwanza viti vilikuwa kumi na vinne, vikachukuliwa na familia zinazohamishwa. Juni ni mwezi wa uhamisho, na shule zimefungwa. Siku ya tatu akapata nafasi katika ndege ya mizigo iendayo kambi moja karibu na Tokyo. Wakampa vizibo vya masikio. Aliketi kwenye kiti cha turubai ubavuni mwa ndege, magari mawili yamefungwa minyororo mbele ya magoti yake. Nilimwona akipanda ngazi kwa mguu mmoja mmoja. Hakugeuka nyuma.

Kutoka kambi ile kulikuwa na ndege ya abiria hadi Seattle, na Seattle na Tacoma ni pua na mdomo. Njia aliijua vizuri. Ambacho hakukipima ni watu.

Mengine nimeyapata kwake mwenyewe, vipande vipande, kwa miezi. Ukumbi ulijaa akina mama, watoto, paka kwenye vikapu. Kila zilipoitwa nafasi, kijana wa kaunta alianza na wenye msiba, kisha walioko likizoni, kisha familia, na sauti yake ilikoma kabla ya kufika daraja la sita. Nyumba ya wageni ya kambi ilikuwa imejaa, akapata chumba nje ya lango, chembamba kama kabati. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda kukaa kiti cha mbele.

"Sajini, leo tena hakuna," kijana alimwambia siku ya nne ya kungoja pale, kwa aibu.

"Huna kosa, mwanangu. Kesho."

Alimpigia dada yake kila siku. Mwanzoni Tan Chilang alikuwa na nguvu za kutania.

"Uko wapi, mtoto wangu?"

"Japani, dada."

"Unafanya nini Japani? Nimekufunza njia ya Japani mimi?"

"Nakuja. Nimeshafika nusu."

"Basi hiyo nusu uliyobakiza ipigie hatua. Nimechoka kuvaa gauni la hospitali mbele ya wageni."

Siku ya sita aliongea maneno machache. Siku ya saba alishikiliwa simu na mkwe wake, na Goro akasikia pumzi tu.

Siku ya nane jina lake likaitwa. Naputi, Gregorio. Alifika kaunta kabla hajaitwa mara ya pili. Wakapima begi lake, wakampa karatasi ya kupandia, akakaa upande wa pili wa kioo pamoja na wanaosafiri. Ilikuwa imebaki chini ya saa moja alipoingia mwanamke kijana amebeba kichanga, macho yamevimba. Baba yake alikuwa amefariki Oregon usiku uliopita. Familia ya askari aliye kazini ikiwa na msiba ni daraja la kwanza, na aliyeitwa mwisho ndiye wa kwanza kutolewa.

Kijana wa kaunta alikuja mwenyewe, akachuchumaa mbele yake. "Sajini..."

"Usiseme," Goro akamwambia. "Nimeona."

Akatoa karatasi mfukoni. Yule mwanamke alikuwa na mabegi mawili na kigari cha mtoto, na hakuna aliyemsaidia, basi Goro akambebea kichanga mpaka mlangoni. Mwanamke hakujua kiti kilikuwa cha nani. Alimshukuru, akamuuliza kama naye anakwenda nyumbani. Goro akamjibu ndiyo.

Tan Chilang alifariki kesho yake, asubuhi ya Japani. Goro alipata habari akiwa amekaa kwenye kile kiti cha mbele. Alimpigia Doreen, si mimi.

"Nikatie tiketi," alimwambia. "Ya kurudi. Anataka kuzikwa Inalåhan, alishasema. Hakuna tena la kufuata kule."

Doreen alikata tiketi. Hakumlaumu siku ile wala baadaye. Nadhani ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Jeneza lilifika baada ya siku kumi, kwa ndege ya kawaida. Tulikwenda watatu kulipokea kwenye ghala la mizigo la uwanja wa raia. Goro ndiye aliyetia sahihi. Aliisoma ile karatasi kwa muda mrefu, kidole kikipita kwenye saa za kuondoka na kufika.

"Siku moja na nusu," akasema. "Tacoma mpaka hapa, Kiko. Siku moja na nusu."

Doreen alimshika kiwiko, naye akamwachia amshike.

Tulizika Jumamosi, jua kali. Goti halikumruhusu kubeba, akatembea nyuma ya wabebaji akiwa ameweka kiganja juu ya mbao. Wajane wawili waliokuwa wakimpigia simu kuulizia ndege walikuwepo pia. Mmoja alimsogelea akamuuliza kama ni kweli mwezi ujao ndege ya Hawaii itarudishwa. Goro alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua.

"Unamwendea mgonjwa?"

"Hapana, namwendea mjukuu."

"Basi andikisha jina," akasema, akaondoka.

Tukasali rozari siku tisa, kila jioni, na kila jioni watu walikula wali mwekundu na kuku nyumbani kwa Doreen. Goro hakukaa na wanaume mezani. Alikwenda kwenye jiko la nje, akakunja mikono ya shati, akasugua masufuria pamoja na wanawake. Siku ya kwanza walimzuia. Kuanzia siku ya pili walimpa nafasi.