Barua Sita za Fildi, Tukuyu hadi Ikuti

Jumatatu asubuhi niliondoka kwa dada yangu, Tukuyu mjini, bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimekaa kwake wiki tatu, na kwangu mimi wiki tatu ni nyingi. Nilishaanza kuwatambua jogoo wa majirani kwa sauti. Nikatia kanga mbili na sweta kwenye begi, nikamwambia dada kwamba natoka kidogo. Hakuuliza ni kidogo gani. Alinipa tu mfuko wa nailoni wa kufunika begi, maana mvua ilikuwa imeanza kabla hatujaamka.

Kwenye duka la kutoa kopi, karibu na stendi, nilimkuta Madam Sekela. Ni mwalimu wa sekondari ya kata, na tunafahamiana kutoka kwaya ya kanisani, kwaya ambayo mimi huimba miezi miwili na kupotea kumi. Mkononi alikuwa na barua sita zenye mhuri wa shule. Alinieleza kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu, wale wanaosoma masomo ya ufundi na kilimo, wanatakiwa kwenda fildi, kujifunza kazi kwa vitendo, kwa wiki mbili kuanzia Jumatatu inayofuata, na sita walikuwa bado hawajapata mahali. Yeye alikuwa na vipindi kila siku. Akatazama viatu vyangu, kisha begi.

"Wewe si unazunguka tu?" aliniambia. "Basi zunguka na hizi."

Nilimkumbusha kwamba mimi shule niliiacha kidato cha pili. Akasema ndiyo maana nina muda.

Barua tano zingepata mahali popote, alisema. Aliyemnyima usingizi ni wa sita, binti anayeitwa Atupele, anayetaka kujifunza mambo ya maziwa. Mwaka uliopita alipelekwa kwenye duka la vifaa vya ofisi, akafagia na kuwaletea watu chai kwa wiki mbili. Baba yake alikuwa amesema wazi kwamba kama ni fildi ya kufagia, ataifanya nyumbani, tena viazi vinangoja kupaliliwa. Akikosa kazi ya maana safari hii, hataruhusiwa kwenda, na ripoti yake ya vitendo itabaki tupu kwa mwaka wa pili.

Nilianzia pale pale mjini, kwa mchomeleaji wa mageti. Nilimpa barua mkononi kwa heshima zote. Aliuona mhuri, akafuta mikono kwenye suruali, akasema mwenye karakana amesafiri. Nikauliza atarudi lini. Akasema haijulikani. Kijana aliyekuwa akishika bomba akamwita "bosi", na bosi akamwangalia vibaya sana.

Hatua chache mbele nilimpata Mzee Idi, fundi cherehani ambaye babu yake alikuja hapa na mashine yake kutoka pwani. Alikuwa amemwona yule mchomeleaji akigeuka msafiri ghafla, na alikuwa bado anacheka nilipoingia.

"Mwanangu, ukimwendea mtu wa biashara na karatasi yenye mhuri, anafikiri leseni," alisema. "Hasomi. Anauona mhuri na roho inatoka. Ficha hicho kitu. Kaa, fanya kazi naye kidogo, kisha useme."

Basi nikakaa. Nilimshonea vifungo vya sare mpaka adhuhuri, na alipokwenda kuswali alinikabidhi duka. Aliporudi alichukua wanafunzi wawili, akatia saini bila hata kusoma barua. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza katika safari hii.

Jumanne nilikuwa Kinyala. Nilifika nimekaa nyuma ya pikipiki ya mtu aliyekuwa amebeba matenga ya kuku, na magoti yangu yalijua habari yake. Kwa fundi seremala nilishika mbao upande mmoja wakati yeye akizipiga randa, na tulipofika ubao wa nne nikamwambia kuna kijana angeweza kuushika vizuri kuliko mimi. Alinitania kwamba hata fimbo ingeushika vizuri kuliko mimi. Lakini alisaini. Mchana nilipanda kwa miguu hadi kwa mama mmoja mwenye bustani ya miche ya parachichi, nikajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, mpaka kucha zikawa nyeusi. Naye akachukua mmoja. Jioni nililala kwa mwalimu mstaafu anayemfahamu Madam, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilisinzia na kijiko mkononi.

Jumatano, Lupepo, kwenye mashine ya kusaga. Nilisaidia kukung'uta magunia, nikatoka mweupe kama mzimu, na barua ya tano ikapata saini. Mwenye mashine aliniuliza ninalipwa na nani kwa shida hii. Nikamwambia silipwi, nataka tu kujua watu wanafanya nini siku nzima. Alinitazama kama mtu anayenihurumia.

Alhamisi ilibaki barua ya Atupele. Wote niliowauliza walinitajia Ikuti, mahali ambapo sikuwahi kufika, kwamba kuna kituo kidogo cha kukusanyia maziwa na msimamizi wake ni mtu makini. Nilitembea sehemu kubwa ya njia. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimefumuka, na matope ya huku hayakuombi ruhusa. Pande zote ni chai na migomba, kijani juu ya kijani, na mara ya kwanza inapendeza. Baada ya saa tatu za mvua unatamani kuona hata ukuta.

Nilifika kituoni saa sita mchana, maziwa ya asubuhi yakiwa yameshapokelewa. Msimamizi, Mzee Ambakisye, alikuwa anaosha makopo ya chuma. Nilichuchumaa kumsalimu, nikachukua brashi nyingine, nikaosha pamoja naye. Alinionyesha kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa na kukwambia kama yametiwa maji. Nilimuuliza maswali mengi mpaka akaniuliza kama nimetumwa na washindani. Ndipo nikamweleza habari za Atupele.

Hakukataa, na hilo lilinitia moyo haraka mno.

"Kazi ipo," alisema. "Lakini maziwa yanafika kabla ya jua, na huyo binti kwao ni mbali. Atalala wapi?"

Niliitoa barua. Ilikuwa na nafasi ya jina la mwajiri, ya aina ya kazi, ya tarehe na ya saini. Ya mahali pa kulala haikuwapo. Siku nne nilikuwa nimeibeba bila kuliona hilo. Mzee Ambakisye alisema aliwahi kumpokea mwanafunzi aliyekuja na godoro begani, hana pa kuliweka. Siku ya pili alirudi kwao, na wazazi wakamlaumu yeye msimamizi.

"Niletee jina la mama mwenye nyumba," alisema, "mama ninayemjua. Nitasaini hapo hapo. Bila hivyo, dada yangu, nenda salama."

Nilikaa kwenye kopo lililopinduliwa. Mimi sikuacha shule kwa kushindwa masomo. Shule ilikuwa mbali, nikapangishiwa chumba karibu nayo, na chumba kile mlango wake haukufungwa. Hakuna aliyekuwa ameuangalia kabla yangu. Muhula wa pili nilikuwa nasinzia darasani kwa sababu usiku nilikuwa nakesha nimeegemea ule mlango. Muhula wa tatu sikurudi. Tangu hapo nimelala mahali pengi, na kila mahali huangalia kwanza mlango.

Mchana ule niligonga nyumba nne. Kwa uchovu nilisahau mafundisho ya Mzee Idi, nikawa naonyesha barua. Nyumba ya kwanza walisema mwenye nyumba hayupo, naye nilimsikia akikohoa. Ya pili ilikuwa na vijana watatu wakubwa sebuleni, nikaaga mwenyewe. Ya tatu mama alifurahi sana, akauliza binti anajua kupika na kulea, nikaelewa anatafuta mfanyakazi wa ndani. Ya nne hawakufungua.

Kuelekea jioni mvua ilizidi. Nilijibanza kwenye baraza la nyumba ya matofali ya kuchoma, sikuwa na nia ya kuomba chochote. Mwenyewe alitoka, bibi mfupi aliyefunga kitenge kifuani, akanisalimu kwa Kinyakyusa. Nilijibu kidogo ninachokijua, akaona ni kidogo, akahamia Kiswahili. Anaitwa Bibi Tusajigwe. Aliniambia nisisimame kama mdai, niingie jikoni.

Alikuwa anamenya ndizi. Nikachukua kisu kingine. Tulimenya, tukapika mbalaga, zile ndizi zilizochanganywa na nyama, tukaketi kula. Kupitia mlango wa jikoni nililiona dumu la maziwa limepinduliwa juu ya mti wa uzio likichuruzika maji. Nikamuuliza kama anapeleka kituoni.

"Kila siku, mimi na tochi yangu," alisema. "Siku nyingine wanachovya kile kijiti, wananiambia, bibi, rudi na maziwa yako. Maji sitii. Nikiwauliza kwa nini, wana haraka."

Nilimwambia kuna binti anayekuja kujifunza kile kijiti kinasema nini, kama atapata pa kulala. Barua ilibaki ndani ya begi.

Bibi aliendelea kula. Kisha akauliza kama huyo binti anaweza kumweleza mtu polepole. Nikasema sijawahi kumwona, lakini amefagia wiki mbili nzima akingoja kufundishwa, nadhani atakuwa na subira.

"Chumba cha mwanangu kipo, yeye yuko Mbeya," alisema. "Atatembea na mimi alfajiri. Lakini kwanza lala wewe. Kesho uniambie kama kinamfaa."

Chumba kilikuwa kidogo na kikavu, kitanda cha mbao, dirisha lenye nondo. Mlango ulikuwa na komeo, lakini lilishikwa na msumari mmoja, ukilisukuma linazunguka. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye meno, na kitanda kilikuwa pale. Nilirudi jikoni, nikaomba misumari. Bibi alinipa miwili iliyopinda na jiwe la kuinyooshea.

"Unaogopa nini, mwanangu?" aliuliza. "Hapa hakuna mwizi."

"Siogopi, Bibi. Atakayekuja Jumatatu atauliza."

Niligongelea misumari, nikafunga, nikausukuma mlango kwa bega, kwa uzito wangu wote. Haukusogea. Kisha nikakaa kitandani, nikageuza barua upande wa nyuma, ambapo hapakuwa na mhuri, nikaandika: Atalala kwa Bibi Tusajigwe. Mlango unafungwa.