Sifuri ya Kisimani

Mbuzi wakirudi kutoka kisimani, ndevu zikidondosha maji, harufu yao hunirudisha darasani: nimesimama ubaoni, matope hadi magotini, nimechelewa kwa kuwanywesha. Mwalimu wa fizikia akanifanya mfano wa somo.

"Umetoka boma, ukaenda kisimani, ukarudi boma. Velositi wastani ni ngapi?"

"Sifuri, mwalimu. Nimeishia pale pale nilipoanzia."

"Basi asubuhi yako yote ni sifuri!" Darasa likaangua kicheko. "Sasa andika hapo: sijafika popote. Ukikataa, toka nje."

Nikaandika sifuri, kubwa kama sufuria ya harusi. Nikaweka chaki chini.

"Hiyo ingine siandiki. Mbuzi walienda na kiu, wakarudi wameshiba maji."

"Fomula haijui kiu!"

"Fomula sina shida nayo, mwalimu. Niko na shida na wewe."

Nilisikiliza somo lililobaki kupitia dirisha.

Juzi dada yangu alipiga simu kutoka Nkoroi, alikohamia, akicheka kama kawaida yake. "Wewe bado uko hapo hapo tu?"

"Hapo hapo," nikamwambia. "Ngoja kidogo, nafungulia mbuzi."